Debe na Dirisha

Jumanne, Machi 4

Zimefika! Binamu yangu Patrick, yule anayevuka mpaka wa Kasumulu kila juma na vitenge vyake, amezibeba kutoka Lilongwe ndani ya mfuko wa rambo, chini ya sabuni za kufulia, utadhani amebeba malapa. Sikumgombeza. Nilikuwa na haraka ya kuzivaa.

Ni hedifoni za mgongo wazi. Kwa nje, kwenye kila sikio, hazina kifuniko bali wavu, kwa hiyo sauti inaingia sikioni na nyingine inatokea nyuma, na hewa inapita. Zangu za zamani zimezibwa mgongo, plastiki tupu. Ukizivaa dunia yote inabaki nje. Nimepiga wimbo uleule kwa zote mbili, kwa zamu, mpaka shangazi akaniuliza kama nimepagawa. Za zamani zinakusanya besi yote katikati ya kichwa na kuivumisha. Ni tamu, lakini ni uongo mtupu. Kwa hizi mpya waimbaji walisogea wakapeana nafasi, mmoja kushoto kabisa, mwingine nyuma kidogo, na nikamsikia mama mmoja wa alto akimeza mate kabla ya kuanza. Miaka yote ninayorekodi kwaya sijawahi kumsikia mtu akimeza mate.

Nimezipa majina papo hapo. Za zamani ni Debe, mpya ni Dirisha.

Halafu mvua ikaanza juu ya bati, na Dirisha likaniletea mvua yote, na kuku, na shangazi Veronika akimwita Mungu kwa sababu kokoa yake ilikuwa imeanikwa uani. Nikavua nikaenda kumsaidia kuanua. Na hii ndiyo kwanza Machi. Hapa Kyela mvua hainyeshi, inamwagwa.

Jumatano, Machi 5

Mvua.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Umeme nao umekwenda. Nimekaa na Dirisha mapajani, natazamana nalo.

Jumapili, Machi 9

Wageni kutoka Ngonga, baada ya ibada. Kwaya yao inataka kurekodi. Walikuja watatu: Asheri, katibu wa kwaya, mwenye maneno mengi, mzee Hezroni, kiongozi wa besi, mwenye maneno machache, na Anyes, anayeanzisha nyimbo, ana mtoto mgongoni. Wanaume waliingia ndani. Anyes alibaki barazani na shangazi, ametupa mgongo. Nikamkaribisha kiti, akasema pale pale panamtosha. Nikajisemea, huyu anaringa.

"Dada Tuli," Asheri akaanza, "sisi tunataka kitu cha kutikisa. Sabufa iseme!"

Mzee Hezroni alisubiri amalize. "Mimi nataka wazee wangu wasikike tu, mwanangu. Ile kwaya ya Mwaya uliyoirekodi mwaka jana, besi zilipotelea wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Zilipotelea kwenye Debe. Debe lilinionyesha besi nyingi kuliko zilizokuwepo, mimi nikazipunguza, na watu walipopiga kwenye spika zao wakakuta wazee hawamo. Nilimweleza hivyo hivyo, na kwamba sasa nina hedifoni zinazosema kweli. Akatikisa kichwa. Sijui kama alinielewa au alinihurumia.

Walipotoka kutafuta bodaboda ndipo Anyes akanisogelea. Akashusha kitenge shingoni. Kuna tezi, imevimba vizuri tu, upande mmoja.

"Baada ya Pasaka wananipasua Mbeya," alisema. "Daktari kaniambia ukweli, mishipa ya sauti inapita hapo hapo. Naweza kutoka nayo, naweza nisitoke nayo. Huyu wa mgongoni hana akili ya kukumbuka bado. Nataka akikua aisikie sauti ya mama yake kama ilivyo."

"Tutairekodi, Mama," nikasema. "Hiyo niachie mimi."

Kwa nini nina mdomo mwepesi hivi?

Jumamosi, Machi 15

Besi. Mvua imetuachia asubuhi nzima, sijui tumemfanyia Mungu wema gani.

Chumba changu hakiingizi kwaya nzima, kwa hiyo narekodi sauti moja moja, na kiongozi wa kila sauti anavaa hedifoni asikie kinanda na waliotangulia. Utaratibu nimeshaupanga: Debe ni la kuimbia, kwa sababu limezibwa na halivujishi kitu kwenye maiki, Dirisha ni langu la kusikilizia kazi mvua ikinyamaza. Mzee Hezroni alivua kofia, akavaa Debe, akafumba macho. Jamani, yule mzee! Hapigi kelele. Anaiweka sauti chini, taratibu, na wenzake wanaipanda. Nikapangusa jasho lake kwenye sifongo za Debe kwa kanga, nikaridhika na maisha.

Jumatatu, Machi 17

Mvua.

Jumamosi, Machi 22

Leo nimechoka na watu.

Alto na teno walimaliza Jumatano bila matata, wote kwa Debe. Leo ilikuwa Anyes. Amefika mapema, kanawa miguu, kanipa mkungu wa ndizi. Nikampa Debe. Akarudisha mikono nyuma.

"Naomba zile zingine."

"Zile zinavuja, Mama. Maiki itasikia kila kitu kinachopiga masikioni mwako."

"Hizi zinanibana."

"Hujazivaa bado!"

Akatazama chini. "Zinanibana, dada."

Nikatafuta eafoni za simu yangu, sikio moja limekufa. Patrick akanipa zake za bluetuthi, zinachelewa, Anyes akawa anaimba nyuma ya kinanda kama mtu anayekimbiza gari. Nikamwambia aimbe bila kusikia chochote, mimi nitampungia mkono. Wapi! Alipotea kabla ya ubeti kuisha.

"Nisiposikia besi sijui pa kusimama," alisema, na hakuwa anatania.

Basi, Dirisha. Nikipunguza sauti, anapotea. Nikiongeza, anaimba mpaka nywele zinanisimama, halafu nikisikiliza nilichorekodi, nyuma ya sauti yake kuna kinanda kidogo, chembamba, na mzee Hezroni mdogo anavuma humo humo. Tumerudia na kurudia. Nikamwambia tutafanya tena wiki ijayo. Akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kwa upole uleule, na ule upole ndio ulionitia hasira zaidi.

Ninachomwomba ni kitu kimoja tu, avae hedifoni. Mtu ana siku za kuhesabika na sauti yake, halafu anachagua!

Jumapili, Machi 23

Nimefikiria. Labda kweli zinambana, na ile tezi, na maumivu asiyoyasema. Nimechukua boga kubwa la shangazi, nimelivisha Debe lilegee mpaka wiki ijayo.

Shangazi kapita jikoni. "Boga langu linasikiliza nini?"

"Kwaya ya Ngonga."

"Liambie lisilie, nalipika Alhamisi."

Jumamosi, Machi 29

Anyes hakuja. Mto umevunja kingo, njia ya Ngonga imekatika, mpunga umelala chini ya maji. Debe limelegea vizuri. Boga limeliwa.

Jumatatu, Machi 31

Asheri kaja na bodaboda iliyolowa, kutoka Ipinda kwa njia ya kuzunguka, eti "kuona kazi imefikia wapi". Nikampa Dirisha asikilize besi za wazee wake. Akasikiliza, akakunja uso. Akavaa Debe. Uso ukafunguka.

"Hizi ndizo hedifoni! Zinapiga mpaka kwenye meno. Zile zina matundu, dada, umeuziwa mbovu."

"Matundu ndiyo yenyewe, Asheri. Hizo unazozipenda zinakudanganya."

"Basi mimi napenda kudanganywa."

Nikamweleza habari za hewa, za sauti kugonga plastiki na kurudi sikioni ikajirundika. Akasubiri nimalize kwa adabu zote, akauliza lini itakuwa tayari. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Anyes amelia kanisani, kwamba nimemwambia anaharibu kazi. Sikumwambia hivyo! Au labda uso wangu ndio uliosema.

Ijumaa, Aprili 4

Mvua, mvua, mvua. Siwezi kusikiliza chochote kwa Dirisha. Nikivaa Dirisha nasikia bati. Nikivaa Debe nasikia uongo. Kazi yangu yote ni kusikia, na msimu mzima sisikii.

Jumatano, Aprili 9

Ukungu wa kijani umeota kwenye magodoro niliyoyabandika ukutani kuzuia mwangwi. Chumba kinanuka kama soksi.

Jumamosi, Aprili 12



Anyes amefika leo, kwa miguu. Mtoto kamwacha kwa mama mkwe wake. Sketi imelowa matope mpaka magotini, na alikuwa anatabasamu, kwamba amefika na mvua imekata. Kweli ilikuwa imekata. Kimya kabisa, hata matone ya kwenye paa yalikuwa yamekwisha. Nikajua nafasi ndiyo hii. Nikamletea Debe kwa mikono miwili, nimelipangusa, limelegea.

"Nimelilegeza kwa ajili yako. Jaribu."

Akalitazama. Akatikisa kichwa.

"Kwa nini?"

Akarudisha mikono nyuma, kama siku ile.

"Nambie kwa nini, basi! Linanuka? Mimi ndiye ninayenuka?"

"Hapana, dada. Naomba zile za wavu."

Basi hasira zikanipanda, nikamtolea uvivu. Nilimwambia kama hataki kurekodiwa aende akaimbe nyumbani kwake. Nilimwambia mvua ikirudi isirudi, yeye ndiye anayekwenda kupasuliwa, si mimi, na mwanawe akija kuuliza sauti ya mama yake iko wapi nitamwambia ilikataa kuvaa hedifoni. Haya yote niliyasema. Shangazi alikuwa uani, nadhani alisikia.

Anyes machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alisogea mwenyewe mezani, akachukua Dirisha, akalivaa, akasimama mbele ya maiki.

"Weka besi juu," alisema. "Juu kabisa."

Niliweka, kwa hasira, juu kabisa. Na akaimba. Sijui niandikeje. Aliimba wimbo mzima bila kukosea mahali, sauti imejaa, imenyooka, na kwenye ubeti wa mwisho ikapasuka kidogo tu, mahali ilipotakiwa kupasuka. Nilisahau kuzima mashine. Alipovua Dirisha alilikunja taratibu, akaliweka mezani, akaaga. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Nimesikiliza. Ni rekodi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na nyuma yake, mwanzo mpaka mwisho, mzee Hezroni anavuma kama nzi kwenye chupa.

Jumapili ya Matawi, Aprili 13

Leo tulipotoka kanisani, matawi bado mkononi, shangazi akaniuliza:

"Hizo unazomlazimisha mwana wa watu azivae, nani alizivaa kabla yake?"

"Watu wengi, shangazi. Mzee Hezroni ndiye aliyeanza."

Akasimama katikati ya barabara, akaniita kwa jina langu lote. "Loh! Tulinagwe! Hezroni si mkwe wake? Anyes si mke wa Amon, mtoto wa Hezroni?"

Nilijua. Nilijua kwamba Amon, mume wa Anyes, ni mtoto wa mzee. Nilijua pia, kama kila mtu wa huku, kwamba mke hakai alipokaa baba mkwe wake, hatumii kikombe chake, hapishani naye njiani, hata jina lake halitaji. Lakini nilidhani mambo hayo yamekwisha na bibi zetu.

"Wengi wameacha," shangazi alisema. "Nyumba ile hawajaacha. Hujaona kanisani? Anasimama mstari wa mbele, mzee nyuma kabisa. Miaka yote wanaimba pamoja na hawajatazamana. Sasa wewe unamvisha jasho la mzee kichwani!"

"Si angeniambia!"

"Angekuambiaje? Jina la mzee hawezi kulitamka."

Mimi sijaolewa, mwili wangu haujafundishwa kumkwepa mtu. Kwa hiyo sikuona. Barazani alikaa amempa mzee mgongo, nikasema anaringa. Nina masikio ya kumsikia mama akimeza mate, halafu hili likanipita. Nina hasira na mila, nina hasira na Anyes kwa kukaa kimya, nina hasira na boga. Zaidi nina hasira na mdomo wangu.

Jumatatu, Aprili 14

Nimemtuma Patrick Karonga aniletee hedifoni za kuzibwa, mpya, kwenye boksi. Anyes atakuja Jumamosi, tutarudia, itatoka safi. Nimempigia simu, haipatikani. Huko kwao mtandao umelala na mpunga.

Jumatano, Aprili 16

Patrick amerudi mikono mitupu, maduka aliyoyajua hayana.

Amon amepokea simu. Wako Mbeya. Waliona barabara itawafungia, wakaondoka jana na mtoto, watangoja huko huko kwa ndugu mpaka siku yake.

"Anakusalimu," alisema. "Anauliza kama ile ya mwisho inafaa."

Nikasema inafaa. Ningesemaje?

Pasaka, Aprili 20

Kanisani nilisikiliza besi tu.

Alhamisi, Aprili 24

Ujumbe wa Amon: wamemaliza salama, amezinduka, tezi imetoka yote. Sauti bado. Wanasema wasubiri.

Jumamosi, Mei 3

Sasa ndiyo nimebaki mimi na rekodi moja. Nimepata siku mbili kavu, nimezitumia zote.

Nikivaa Debe, tatizo halipo. Uvumi wake unameza ule uvujaji wote, Anyes anabaki peke yake, safi, karibu na uso. Nikivaa Dirisha, mzee yupo. Si kwa nguvu, lakini yupo, kinanda kidogo mkononi, pembeni ya bega la Anyes. Nimejaribu kumsafisha kwa kompyuta. Kila ninapomtoa mzee, anatoka na kipande cha Anyes: pumzi inakatika, "s" zinakauka, sauti inakuwa ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Nimefanya hivyo mpaka shingo imekakamaa.

Asheri kanipigia. "Achia tu, dada. Watu wanasikiliza kwenye bajaji! Nani atasikia?"

Na kweli, nani? Lakini mimi nimeshasikia. Ndilo balaa la Dirisha, ukishasikia huwezi kurudi.

Jumanne, Mei 6

Mvua. Nimefurahi kwa mara ya kwanza msimu huu, nimepata kisingizio cha kulala.

Jumamosi, Mei 17

Anyes amekuja. Ana kovu jekundu shingoni, amelifunika kwa mtandio. Nikamwamkia, akafungua mdomo kunijibu, na kilichotoka ni upepo wenye mikwaruzo. Nilimshika mikono yote miwili nikaanza kuomba radhi, za hedifoni, za matope, za mwanawe, zote kwa fujo. Akanizuia.

"Kweli hukujua," alisema, kwa ile sauti mpya. Kila neno linamgharimu. "Daktari anasema labda itarudi. Labda isirudi yote."

Nikamvalisha Dirisha mwenyewe. Nilimwambia kabla sijapiga: "Nyuma yako kuna kitu kimevuja. Nimeshindwa kukitoa. Nisamehe."

Akasikiliza. Mtoto alikuwa ameshuka mgongoni, anavuta waya. Wimbo ulipofika katikati nikamwona anainua kichwa, anasikilizia. Akaomba tena, tangu mwanzo. Mara ya pili alikuwa ametabasamu na machozi yanashuka, sikujua nishike lipi.

"Mzee wa nyumbani yumo," alisema.

"Yumo. Nitajaribu tena kumtoa, nikipata mtu wa Mbeya mwenye mashine nzuri zaidi..."

"Usimtoe." Akavuta pumzi. "Tangu nimeolewa naimba nimeiegemea sauti hiyo. Simwoni, sisemi naye, siwezi kumwambia asante. Ndiyo inayoniambia pa kusimama. Mwanangu akisikia, asikie na tulivyokuwa tunasimama."

Mimi, mwezi mzima nakesha kufuta kitu hicho hicho. Nilitaka kucheka, nikaishia kulia, na mtoto naye akalia kwa sababu tunalia.

Jumamosi, Mei 24

Leo mzee Hezroni, peke yake, amekuja na bodaboda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa.

"Nimekuja kumsikia mkwe wangu," alisema.

Dirisha lilikuwa mezani, limechomekwa. Akanyoosha mkono, halafu mkono ukasita hewani.

"Hizi amevaa nani?"

"Anyes, baba."

Akarudisha mkono haraka, kama mtu aliyekaribia chungu cha moto. "Nipe zangu."

Zangu, alisema. Nikampa Debe. Akavua kofia, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, na Debe likamfanyia yale yale linayomfanyia kila mtu: likaficha uvujaji wote, likambakizia Anyes tu. Alipolivua alilishika kwa mikono miwili.

"Yuko peke yake humu," alisema. "Safi kabisa."

Nikashindwa kujizuia. Nilimweleza yote, kuanzia siku ile ya jasho kwenye sifongo mpaka Anyes alivyotoka kwenye matope akakataa Debe na mimi nikamtukana. Nilimwambia kama mtu mmoja tu angenitamkia neno, mmoja tu, tungerekodi salama mwezi Machi.

"Nani angetamka?" aliuliza, bila hasira. "Mimi simwangalii, mwanangu. Ukiniuliza uso wake umekaaje, sikuambii. Mkwe wangu namjua kwa sauti. Akiwa jikoni anaimba, najua leo nyumba ni nzima. Tangu amerudi Mbeya jikoni kimya." Akaivaa kofia yake, akaivua tena. "Kumbe mimi ndiye niliyemzibia njia."

"Hapana, baba."

"Ndiye mimi. Nilivaa bila kuuliza atakayefuata ni nani."

Sikumwambia kwamba yumo ndani ya wimbo. Anyes ndiye mwenye neno hilo, na hawezi kumwambia. Basi nimebaki nalo mimi, na sijui nilipeleke wapi.

Jumapili, Juni 1

Mvua imekata moja kwa moja. Kokoa ya shangazi imekauka vizuri. Wimbo umetoka, na mzee nimemwacha ndani kama nilivyoagizwa. Nimeusikia kwenye bajaji sokoni, besi za wazee zipo zote, Asheri ananipungia mkono toka ng'ambo ya barabara utadhani kaurekodi yeye. Hakuna hata mmoja aliyesema amesikia kitu nyuma ya Anyes.

Jumamosi, Juni 7

Amon amemleta mkewe, na boksi chini ya kwapa. Hedifoni za mgongo uliozibwa, mpya, karatasi yake ya plastiki bado imebana.

"Mzee kazifuata mwenyewe Mbeya," Amon alisema. "Dukani kagoma kuzigusa, kamwambia muuzaji anipe mimi mkononi. Anasema zikae hapa. Anasema mwambie sijazivaa."

Kwa jicho tu nimeona ni za aina ile ile ya uongo, plastiki nzito, besi itavuma hatari. Mikono iliniwasha kuzijaribu. Nikajizuia, nikampa Anyes boksi. Akachana plastiki kwa meno, akazivaa, akazisogeza mpaka zikakaa. Hazikumbana.

"Daktari kasema nifanye mazoezi," alisema.

Akaimba. Sauti imeshuka, ina mikwaruzo, mahali pa juu haifiki kabisa, ikifika hapo inabaki hewa. Alifika ubeti wa pili akayumba, akasimama. Nilidhani ataacha.

"Niwekee besi," alisema.

Nikaweka. Nikamwona anarudi nyuma kidogo, mgongo unatafuta kitu cha kuegemea, na akaanza tena, chini zaidi, mahali sauti yake ya sasa inapofika. Hakuyumba.

Walipoondoka nimesikiliza kwa Dirisha, hakuna mvua, hakuna upepo. Hakuna kilichovuja hata chembe. Ni rekodi safi kama nilivyoitaka tangu Machi: Anyes tu, na mikwaruzo yake, na pumzi zake. Nimeirudia mara kadhaa, na kila mara najikuta namtafuta mzee nyuma yake.